Fujifilm baada ya filamu: jinsi ujuzi ulivyotenganishwa na bidhaa iliyokuwa ikifa

Mwaka 2000 mahitaji ya filamu za kupigia picha yalifika kilele duniani. Miaka kumi baadaye soko hilo lilikuwa limebaki chini ya sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Eastman Kodak ya Rochester, jimbo la New York, iliomba mahakama iilinde dhidi ya wadai wake tarehe 19 Januari 2012. Mshindani wake mkubwa, Fuji Photo Film ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1934, ilipata pigo lilelile. Hata hivyo, katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2008, ikiwa tayari na jina jipya la Fujifilm Holdings, iliripoti mauzo ya yeni trilioni 2.8 na faida ya uendeshaji ya zaidi ya yeni bilioni 200. Filamu ilipokuwa inanunuliwa kuliko wakati wowote, kampuni haikuwahi kufika hapo.

Maelezo yanayorudiwa sana ni kwamba Kodak haikuwa na ubunifu na Fuji ilikuwa nao. Hayasimami mbele ya ushahidi. Mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, ndiye aliyeunda kamera ya kwanza ya dijitali ya kushika mkononi, mwaka 1975. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, ilitoa picha ya nukta 100 kwa 100, na ilihitaji sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Mtaalamu mwingine wa kampuni hiyohiyo, Bryce Bayer, alipata hataza mwaka 1976 kwa mpangilio wa vichujio vya rangi ambao hadi leo umo ndani ya kamera nyingi za simu. Mwaka 2005 Kodak iliongoza kwa mauzo ya kamera za dijitali Marekani. Kampuni iliyoanguka ilikuwa na maabara nzuri, hataza nyingi na hata bidhaa iliyoshika soko. Kilichokosekana kilikuwa kwingine, na ndicho kinachofanya kisa hiki kistahili kusomwa polepole.

Kilichokuwa kinauzwa

Faida ya filamu haikutoka kwenye kamera. Ilitoka kwenye mnyororo mzima: mteja ananunua filamu, anaipeleka kusafishwa, duka linatumia kemikali za kampuni, kisha picha zinachapwa kwenye karatasi ya kampuni. Kila mara kidole kilipobonyeza kitufe, kampuni ililipwa mara nne. Kamera ya dijitali iliondoa malipo yote manne kwa mkupuo. Mteja alinunua kifaa mara moja, na picha elfu zilizofuata zilikuwa bure. Kwa hiyo hata aliyeongoza kwa kuuza kamera za dijitali hakuwa amerudisha kile alichopoteza. Kamera zilishuka bei kila mwaka, washindani kutoka viwanda vya elektroniki walikuwa wengi, na baada ya 2007 simu zikaanza kuzimeza zile za bei ya chini.

Ugumu wa kutengeneza filamu ndio uliowapa walioijua ulinzi kwa miongo mingi. Filamu ya rangi ina tabaka zipatazo 20 zilizobanwa katika unene wa takriban mikroni 20 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na ndani yake kuna michanganyiko ya kemikali ipatayo 100. Tabaka hizo hupakwa kwenye utando mpana unaopita mashineni kwa kasi, gizani, bila kiputo wala chembe ya vumbi. Gelatini inayoshika chembe za madini ya fedha hutokana na kolajeni, protini ya ngozi na mifupa ya wanyama, na ubora wake unabadilika kutoka shehena moja hadi nyingine. Kampuni chache sana duniani ziliweza kazi hii kwa bei ya kuuzika.

Mtambo wa aina hii haupungui taratibu, na hapa ndipo mameneja wengi hukosea hesabu. Chukua mfano wa kufikirika: kiwanda kinauza bidhaa za 100, gharama zisizobadilika ni 50, gharama zinazofuata wingi wa uzalishaji ni 30, faida ni 20. Mauzo yakishuka kwa asilimia 25, mapato yanakuwa 75, gharama zinazobadilika zinashuka hadi 22.5, lakini zile 50 zinabaki palepale. Faida ni 2.5. Mwaka wa pili, kwa kasi ileile, mapato ni 56 na kidogo, na kiwanda kina hasara inayozidi 10. Kilichochukua miaka miwili kuondoka ni robo ya kwanza ya soko na sehemu ya robo ya pili, lakini faida yote imekwisha. Katika miaka ya baada ya 2000 soko la filamu lilifika kasi ya kushuka kwa asilimia 20 hadi 30 kwa mwaka. Biashara mpya ya viwandani huhitaji miaka mitano, saba, wakati mwingine kumi kabla ya kuleta faida. Anayeanza kuitafuta siku mauzo yanaposhuka hawezi kuwahi.

Fedha za Kodak zilikwenda wapi

Kodak haikukaa bila kujaribu biashara nyingine. Mwaka 1988 iliinunua kampuni ya dawa ya Sterling Drug kwa dola bilioni 5.1. Kununua dawa kwa sababu ulikuwa unatengeneza kemikali kulionekana jambo la busara, lakini kilichonunuliwa kilikuwa ni bidhaa na wauzaji wa watu wengine. Kodak haikuwa na ujuzi wa kuwashinda wakongwe wa dawa, na deni la ununuzi lilikuwa kubwa. Mwaka 1994 iliiuza Sterling vipande vipande. Mwaka huohuo ilitenganisha kitengo chake cha kemikali, Eastman Chemical, kikawa kampuni ya kujitegemea, na sehemu ya madeni ikaondoka nacho. Eastman Chemical ipo hadi leo na ni kampuni kubwa. Mwaka 2007 Kodak iliuza pia kitengo cha picha za hospitali kwa zaidi ya dola bilioni 2. Ukiyapanga maamuzi haya pamoja, utaona kwamba kampuni ilinunua kilichokuwa mbali na ujuzi wake, kisha ikauza kilichokuwa karibu nao.

Kuna pia gawio. Hadi Septemba 2003 Kodak ililipa dola 1.80 kwa kila hisa kwa mwaka, ambazo kwa hisa zake za wakati huo ni zaidi ya dola milioni 500 kila mwaka. Ilipotangaza mkakati wa dijitali ilishusha gawio hadi senti 50, na wanahisa wakalalamika vikali. Soko lilikuwa limeanza kushuka kwa miaka mitatu tayari. Fedha za filamu, ambazo ndizo pekee zilizoweza kulipia miaka mitano ya hasara kwenye jambo jipya, zilikuwa zimeshagawiwa.

Wala Kodak haikuogopa kupunguza. Kwa hesabu zake yenyewe za 2012, tangu 2003 ilikuwa imefunga viwanda 13 na maabara 130 za kusafishia picha, na kupunguza wafanyakazi 47,000. Kupunguza gharama peke yake hakukuipa kampuni kitu cha kuuza.

Orodha ya ujuzi

Shigetaka Komori alishika urais wa Fuji mwaka 2000, kilele chenyewe, na mwaka 2003 akawa mkurugenzi mtendaji. Wakati anaanza, bidhaa za picha zilileta karibu asilimia 60 ya mauzo na theluthi mbili ya faida. Jambo la kwanza alilofanya lenye uzito halikuwa kununua kampuni. Aliiagiza idara ya utafiti iorodheshe teknolojia zote zilizomo ndani ya nyumba na kuzilinganisha na mahitaji ya masoko. Kazi hiyo ilichukua takriban mwaka mmoja na nusu.

Matokeo yalipangwa kwenye jedwali la miraba minne: teknolojia iliyopo au mpya upande mmoja, soko lililopo au jipya upande wa pili. Kila wazo lilipimwa kwa maswali matatu. Je, soko lenyewe linakua? Je, tuna ujuzi unaohitajika? Je, tunaweza kubaki mbele ya washindani kwa muda mrefu? Swali la tatu ndilo gumu na ndilo lililoua mawazo mengi, maana kampuni yenye wanakemia wengi inaweza kutengeneza karibu chochote. Mwaka 2004 matokeo yaliingia katika mpango wa muda wa kati uliopewa jina la VISION 75, kwa kuwa kampuni ilikuwa inaelekea kutimiza miaka 75. Maeneo sita yalichaguliwa: afya, uchapishaji, nyaraka za ofisini, vifaa vya macho, malighafi za kisasa za viwandani, na picha za dijitali.

Kwa anayetaka kufanya zoezi hili katika kampuni yake, kosa la kawaida ni kuandika majina ya bidhaa. Mtu anaandika “filamu ya rangi”, na hapo hakuna pa kwenda. Ujuzi uandikwe kama kitendo pamoja na kipimo chake: kupaka tabaka 20 ndani ya mikroni 20, kutandaza utando wa selulosi usiopinda mwanga, kuzuia rangi isioksidike (isiharibiwe na oksijeni) kwa miaka mingi, kusaga chembe na kuzisambaza zisigandamane, kutengeneza maelfu ya michanganyiko ya kemikali na kujua tabia ya kila mmoja. Ukiona orodha imeandikwa hivyo, masoko yanajitokeza yenyewe. Kosa la pili ni kuwaachia wakuu wa vitengo waupime ujuzi wao wenyewe. Kila mmoja atajipa alama za juu. Kipimo kiwe cha nje: mteja gani angelipa kwa uwezo huu, na ni nani mwingine duniani anayeuuza?

Utando wa skrini

Mfano unaoonyesha kazi hii vizuri zaidi ni ule usiojulikana sana na watumiaji. Utando unaobeba filamu ya picha ulitengenezwa kwa triasetili selulosi, inayofupishwa TAC. Ni laini, wazi kabisa, na haipotoshi mwanga unaopita ndani yake. Skrini bapa ya fuwele-kioevu (LCD) ya runinga au kompyuta inahitaji kichuja-mwanga pande zake mbili. Kichuja hicho ni utando mwembamba wa polima uliovutwa na kutiwa iodini. Ni dhaifu, kinachanika na kuharibiwa na unyevu, kwa hiyo hubanwa katikati ya tando mbili za ulinzi. Tando hizo lazima ziwe wazi na zisipotoshe mwanga. Yaani TAC.

Fuji ilikuwa imekwisha ingia kwenye soko hilo kabla ya skrini bapa kuenea, na mwaka 1996 ilitoa utando wa kupanua pembe ya kutazamia, ili rangi zisigeuke mtu akiangalia kwa upande. Utando huo hutengenezwa kwa kupaka tabaka nyembamba mno ya molekuli zenye umbo la kisahani juu ya TAC, kazi ambayo mtengenezaji wa filamu anaijua vizuri. Skrini bapa zilipoanza kuchukua nafasi ya runinga za kichogo, kampuni iliamua kujenga viwanda vipya Kumamoto, kisiwani Kyushu, kwa uwekezaji uliozidi yeni bilioni 100. Kampuni tanzu iliundwa 2005 na uzalishaji ukaanza 2006. Uamuzi wa kujenga ulifanyika wakati mapato ya filamu yanaporomoka, na hapa ndipo mtu anaona thamani ya akiba ambayo haikugawiwa.

Vipodozi vya Astalift, vilivyoanza kuuzwa 2007, vimeandikwa zaidi kwa sababu vinashangaza. Mantiki yake ni ileile: filamu ina gelatini, gelatini ni kolajeni, na kolajeni ndiyo inayoshikilia ngozi, picha hufifia kwa uoksidishaji, na ngozi huzeeka kwa sehemu kwa sababu hiyohiyo. Maarifa ya kusaga viambato kuwa chembe ndogo mno yalisaidia kuchanganya astaksanthini, kiambato chekundu kisichoyeyuka kwenye maji. Ni hadithi nzuri, lakini ukubwa wake kifedha usikuzwe. Vipodozi havikuiokoa Fujifilm. Kilichoibeba ni nyaraka, tando za skrini na vifaa vya hospitali.

Nyaraka zenyewe hazikuwa uvumbuzi wa miaka ile. Fuji Xerox ilianzishwa 1962 kama ubia wa nusu kwa nusu kati ya Fuji na upande wa Xerox, kampuni ya mashine za kunakili. Mwaka 2001 Xerox ilikuwa na shida ya fedha, na Fuji ikanunua asilimia 25 zaidi kwa takriban yeni bilioni 160, ikawa na asilimia 75. Kuanzia hapo mauzo ya Fuji Xerox yaliingia kwenye vitabu vya Fuji, na hilo linaeleza sehemu kubwa ya zile trilioni 2.8 zilizotajwa mwanzoni. Anayesoma mauzo ya 2008 bila kujua hili atadhani ubunifu wa maabara ulifanya zaidi ya ulivyofanya.

Afya pia ilikuwa na mizizi mirefu. Mwaka 1983 Fuji ilikuwa ya kwanza kuuza mfumo wa eksirei wa dijitali, ingawa yenyewe iliuza filamu za eksirei kwa wingi. Kampuni iliyokubali kujishindanisha na bidhaa yake miaka 17 kabla ya kilele ilikuwa imejijengea wahandisi, wateja hospitalini na mazoea. Kisha ukaja ununuzi: kampuni ya dawa ya Toyama Chemical mwaka 2008, viwanda vya dawa za kibiolojia (zinazotengenezwa kwa seli hai) vya Merck mwaka 2011, na SonoSite ya mashine ndogo za ultrasaundi katika 2011 na 2012 kwa takriban dola milioni 995. Tofauti na Sterling, karibu kila kilichonunuliwa kilikuja kujaza pengo kwenye jedwali ambalo tayari lilikuwapo.

Kukata na kutokata

Januari 2006 kampuni ilitangaza kupunguza ajira zipatazo 5,000 kwenye kitengo cha picha. Viwanda na maabara vilifungwa, na mtandao wa mawakala wa filamu ukavunjwa. Gharama ya marekebisho hayo ilizidi yeni bilioni 200. Wakati huohuo bajeti ya utafiti iliachwa karibu na yeni bilioni 200 kwa mwaka, na Aprili 2006 maabara kuu mpya ilifunguliwa mkoani Kanagawa, ambamo wanakemia wa filamu, wahandisi wa macho na watu wa dawa waliwekwa jengo moja. Uamuzi wa kufanya yote mawili mwaka mmoja ndio unaonivutia zaidi katika kisa chote. Meneja aliyebanwa na hasara hukata utafiti kwanza, kwa kuwa ukikatwa leo hakuna mteja anayelalamika kesho. Malalamiko huja baada ya miaka sita, na wakati huo hayana dawa.

Filamu yenyewe haikuachwa kabisa. Kamera ya picha za papo kwa papo, Instax, iliyozinduliwa 1998, ilianguka vibaya miaka ya mwanzo ya 2000, kisha ikapendwa upya na vijana ambao hawakuwahi kuishi bila simu. Kampuni ilikuwa imebakiza mtambo, watu na ujuzi wa kutosha kuutosheleza mwamko huo. Kwa filamu za sinema ilichukua njia nyingine: uzalishaji wa zile za kupigia ulisimamishwa 2013.

Yaliyoharibika

Si kila hatua ilifanikiwa. Kamera zake za dijitali za bei ya chini zilibanwa na simu kama za wengine wote, hadi ilipogeukia kamera za wapiga picha makini kwa X100 ya mwaka 2011. Mwaka 2017 iligundulika kwamba hesabu za tawi la Fuji Xerox nchini New Zealand zilikuwa zimekuzwa, na wakuu kadhaa wakaondoka. Mpango wa kuichukua Xerox yenyewe, uliotangazwa Januari 2018, ulivunjika Mei mwaka huohuo baada ya wanahisa wakubwa wa Xerox kuupinga. Dawa ya Avigan, iliyotokana na Toyama Chemical, ilipigiwa matumaini makubwa wakati wa korona, lakini kampuni ikasitisha maendeleo yake dhidi ya ugonjwa huo mwaka 2022.

Bahati pia ilikuwapo. Watengenezaji wakubwa wa skrini bapa walikuwa Asia Mashariki, jirani kabisa na viwanda vya Fuji, na wimbi lao lilianza miaka ileile filamu ilipokuwa inaanguka. Kodak isingeupata ukaribu huo kwa mkakati wowote. Lakini bahati ilimkuta mtu aliyekuwa na mtambo, akiba na orodha.

Sasa jaribio linarudi kwa sura nyingine. Novemba 2019 Fujifilm ilitangaza kuinunua sehemu iliyobaki ya Fuji Xerox kwa dola bilioni 2.3, na Aprili 2021 ikaibadili jina kuwa Fujifilm Business Innovation. Uchapishaji wa ofisini unapungua kadiri watu wanavyofanya kazi bila karatasi, na gharama zake zisizobadilika ni kubwa, kama zilivyokuwa za filamu. Fedha zake, pamoja na za Instax, zinasaidia kujenga viwanda vya kutengenezea makampuni mengine dawa za kibiolojia, kikiwemo cha Hillerød nchini Denmark kilichonunuliwa kutoka Biogen mwaka 2019 na vipya Holly Springs, North Carolina. Mitungi mikubwa ya kuoteshea seli huchukua miaka kujengwa na kuidhinishwa, wateja wake ni wachache na mikataba yao ni mirefu. Kwa hiyo namba za kufuatilia katika ripoti za kampuni hii ni mbili: kasi ya kushuka kwa mapato ya nyaraka kwa mwaka, na sehemu ya uwezo wa mitungi hiyo ambayo imeshapata wateja kabla haijakamilika. Ya kwanza ikifika asilimia 20 huku ya pili ikiwa chini ya nusu, zile hesabu za kiwanda cha filamu zitafaa kupigwa upya.